Habari ya Helikopta Yenye Mabawa na Uzao Wake Uliofika Pwani Yetu

Katika siku za mwisho za Januari 1964, Mapinduzi ya Unguja yakiwa hayajatimiza mwezi, na watu wa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja wangali wakitega masikio kwa kila tangazo lililotoka katika redio ya Raha Leo, wakuu wa majeshi ya Kiingereza walikuwa wakiandaa mpango wa kukivamia kisiwa hiki, wakaupa jina la Parthenon, na ndani yake wakahesabu manowari mbili za kubeba ndege, Centaur na Victorious, pamoja na meli nyingine za vita na za huduma, batalioni ya Scots Guards, makomando wa 45, kombania ya askari wa miavuli, ndege 21 za uchukuzi na upelelezi, na helikopta 13. Mpango huo haukutekelezwa, alhamdulillahi, na waandishi wa tarikh ya mwaka ule aghalabu huupitia kwa mstari mmoja, kisha wakaendelea na mambo ya Muungano. Mimi nataka kusimama kidogo penye helikopta, kwa sababu jinsi mojawapo iliyokuwa ikiranda katika bahari yetu mwezi ule, ile iliyoitwa Belvedere, ilikuwa na nasaba ya ajabu, na katika nasaba hiyo mlikuwamo chombo chenye mabawa.

Mwenye kukibuni alikuwa Raoul Hafner, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1905, ambaye tangu ujana wake alishughulishwa na fikra ya ndege ya kupaa wima bila ya kukimbia ardhini kwanza. Yeye na mwenzake Bruno Nagler waliunda vyombo viwili vya majaribio vilivyonyanyuka kwa tabu na kutua kwa tabu zaidi, lakini vikamfunza mengi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1930, akisaidiwa kwa mali na tajiri mmoja wa nyuzi wa Scotland, Jack Coates, alihamia Uingereza. Vita vikuu vya pili vilipopamba moto, Waingereza wakamtia kizuizini mwaka 1940 kwa kuwa ni raia wa adui, maadamu Austria ilikuwa imekwisha mezwa na Ujerumani. Kisha wakampa uraia, wakamfungulia, na dola ile ile iliyomfungia mlango ikamkabidhi kazi ya kutafuta njia ya kumshusha askari kutoka angani kwa pangaboi dogo badala ya mwavuli. Katika tadbiri hizo lilitokea hata gari la jipu lililovikwa pangaboi juu na mkia nyuma, likavutwa kwa kamba, likaruka. Mtu anaweza kucheka, na hapana shaka wako waliocheka siku hizo. Lakini Hafner alitoka humo na elimu ya mapanga yanayozunguka ambayo wachache duniani walikuwa nayo.

Mwaka 1944 kampuni ya ndege ya Bristol ilimweka mkuu wa idara yake mpya ya helikopta. Chombo chake cha kwanza hapo, Sycamore, kilipaa Julai 27, 1947, kikawa helikopta ya pangaboi moja yenye sifa njema. Hapo akaingia katika jambo kubwa zaidi, nalo kwa maneno lilikuwa jepesi: achukue mitambo miwili ya Sycamore, auweke mmoja mbele na wa pili nyuma ya kiwiliwili kirefu, kila pangaboi na injini yake ya Leonides, kisha aziunganishe injini hizo kwa shafti moja ipitayo juu ya vichwa vya abiria, ili moja ikizimika ya pili iyazungushe mapangaboi yote mawili na chombo kisianguke. Hicho ndicho kilichoitwa Bristol 173. Kwa vitendo jambo halikuwa jepesi hata kidogo. Chombo cha kwanza kilipaa Januari 3, 1952, kikishikwa na rubani wa majaribio Hosegood, baada ya masumbuko marefu ya mtetemo ule unaoipata helikopta ikiwa bado imegusa ardhi, ambapo mtikisiko wa mapanga na mnepo wa magurudumu huitikiana na kuzidishana mpaka chombo kikaweza kujivunja chenyewe pale pale kiliposimama. Mwaka uliofuata kikapelekwa kujaribiwa juu ya sitaha ya manowari Eagle, ishara kwamba macho ya wanajeshi yalikuwa yamekwisha kukielekea.

Chombo cha pili katika mfululizo huo kiliruka Agosti 31, 1953, nacho ndicho kilichotiwa mabawa: mafupi, jozi moja mbele na jozi moja nyuma, na ncha za jozi ya nyuma zikasimamishiwa mapezi yaliyoelekea juu. Aliyekiona kwa mbali angedhani ni eropleni ya kawaida iliyoazima mapangaboi mawili kwa jirani.

Kwa nini chombo kinachobebwa na mapanga kipewe na mabawa? Jawabu lake limo katika aibu ya kila helikopta, ambayo ni mbio zake. Pangaboi likizunguka chombo kikiwa kimetulia hewani, kila panga hukata upepo kwa kasi moja. Lakini chombo kinapokwenda mbele, panga linaloelekea kule iendako safari huongezewa upepo wa mwendo, na lile linalorudi nyuma hupunguziwa, hata, mwendo ukizidi, panga linalorudi hukosa upepo wa kuchukua sehemu yake ya mzigo, chombo kikatetema na kutaka kulalia upande mmoja. Kumwongezea rubani nguvu za injini hakumsaidii hapo, kwa sababu kilichomkwamisha si udhaifu wa injini. Basi wahandisi wakasema: tukitia mabawa, mwendo ukikolea mabawa yatachukua sehemu ya uzito, mapangaboi yatapumua, na mpaka ule utasogea mbele. Hoja hiyo ni sahihi, wala hakuna aliyeikanusha mpaka leo. Lakini bawa katika helikopta ni mfano wa tanga katika mtumbwi wa makasia, kwamba upepo ukiwapo humpumzisha mpiga kasia, na usipokuwapo huwa ni mzigo mwingine wa kumsukumisha. Na katika helikopta balaa huzidi, kwani chombo kinapoelea mahali pamoja, upepo wote unaoteremshwa na pangaboi hulipiga bawa mgongoni na kulikandamiza chini, ikawa sehemu ya nguvu iliyonunuliwa kwa mafuta ghali yatumika kupigana na bawa lenyewe.

Sasa na atazame msomaji kilichokuwa kikitakiwa na Jeshi la Majini la Kiingereza. Lilitaka chombo cha kuwinda nyambizi, kitakachoondoka juu ya sitaha ndogo, kielee juu ya mawimbi kwa muda, kisikilize sauti za chini ya maji, kisha kiangushe topido. Kazi yote hiyo ni ya kuelea, na mbio ndani yake ni jambo la pili au la tatu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hukumu ya mabawa ilipoandikwa, hata kabla ya rubani kutia mguu ndani, kwa sababu yalikuwa yakikidhi haja ambayo mnunuzi hakuwa nayo na yakimtoza katika haja aliyokuwa nayo. Chombo kile chenye mabawa kiliazimwa na shirika la ndege la British European Airways mwaka 1956 ili wapime kama kingefaa kwa abiria wa mjini kwa mji, lakini katika muundo uliofuata, wenye injini kubwa zaidi na pangaboi la mapanga manne badala ya matatu, mabawa hayakuwamo tena.

Mabawa yaliondoka, ila tamaa ya Jeshi la Majini iliacha alama nyingine iliyodumu zaidi. Ili topido zipate kuning'inizwa chini ya kiwiliwili, miguu ya mbele ya chombo ilirefushwa mno, pua ikanyanyuka, na mlango mkubwa wa kuingilia watu na mizigo ukawa juu kiasi cha mita 1.2 kutoka ardhini. Kwa wanamaji hilo halikuwa neno. Lakini wanamaji wenyewe wakabadili shauri: wakaifuta oda yao, wakaichagua Wessex ya kampuni ya Westland, ambayo ilikuwa helikopta ya Kimarekani ya Sikorsky iliyotiwa injini ya Kiingereza, na aliyebaki na chombo cha Hafner ni Jeshi la Anga, lisilokuwa na haja ya topido hata moja. Fedha za kuuchora upya mwili hazikutolewa. Basi askari wa nchi kavu, akiwa na mkoba mgongoni na bunduki mkononi, akawa anapandia mlango ulioinuliwa kwa ajili ya silaha ambayo chombo hakikuibeba kamwe. Na kila gunia na kila kreti vikanyanyuliwa kwa mikono ya watu mpaka usawa wa kifua. Nimesoma mengi kuhusu helikopta hii, na sijaona ndani yake jambo linalonifundisha kazi ya uhandisi kuliko mlango huo.

Kabla sijaendelea na Belvedere, ni haki kusema kwamba mabawa yenyewe hayakuzikwa Bristol. Kampuni ya Fairey, pale pale Uingereza, iliunda Rotodyne, iliyokuwa na pangaboi kubwa juu, mabawa kamili ubavuni na rafadha mbili za kuivuta, ikapaa Novemba 6, 1957, na Januari 5, 1959 ikaweka rekodi ya dunia ya karibu kilomita 307 kwa saa. Lakini moto uliofuka katika ncha za mapanga yake ulipiga kelele zisizovumilika mijini, wanunuzi wakasitasita, serikali ikaikatia fedha mwaka 1962. Wamarekani nao, kwa ajili ya vita vya Vietnam, wakaunda Cheyenne ya Lockheed, yenye mabawa na rafadha mkiani, iliyopaa mwaka 1967 na kufutwa mwaka 1972 baada ya kumeza mali nyingi na roho ya rubani. Warusi ndio waliofanikiwa, kwani mhandisi wao Mil aliyatia mabawa katika helikopta yake kubwa Mi-6 na baadaye katika Mi-24 ya vita, na ya mwisho hiyo Afrika imeiona kwa macho yake. Lakini Warusi waliikubali khasara ya kuelea kwa kuwa walizirusha helikopta zao kama eropleni, zikikimbia kiwanjani kwanza zinapolemewa, na mabawa ya Mi-24 yakawa pia mahali pa kutundikia makombora. Walijua wanachokitaka tangu mwanzo, na hilo ni nusu ya kazi.

Chombo cha Hafner, kikiwa kimevuliwa mabawa, kikanyimwa topido na kuachiwa miguu mirefu, kilipaa kwa sura yake ya mwisho Julai 5, 1958, na kampuni ya Westland ilipoimeza idara ya helikopta ya Bristol mwaka 1960, kikatoka kiwandani kwa jina la Westland Belvedere. Viliundwa 26 tu. Kila kimoja kilikuwa na injini mbili za Napier Gazelle, mapangaboi mawili ya upana wa karibu mita 14.9, nafasi ya askari 18, au mzigo wa kilo 2,700 hivi, ambao mara nyingi ulining'inizwa kwa kamba chini ya tumbo, kwa sababu ya mlango ule tuliokwisha kuuzungumza. Aprili 1962 Belvedere mojawapo ilipandisha mnara juu ya paa la kanisa kuu jipya la Coventry, na Waingereza wakajivunia. Marubani wake hawakujivuna sana. Injini ya mbele ilikaa nyuma ya migongo yao, ikiwashwa kwa kimiminika kikali chenye tabia ya kulipuka na kushika moto wakati wa kuwasha, na waliokuwa ndani walijifunza mapema njia ya kutokea.

Mwaka 1963 kikosi cha 26 cha Jeshi la Anga kilihamia na Belvedere zake katika kiwanja cha Khormaksar, Aden. Mwenye kupenda tarikh atafurahi kujua kwamba kikosi hiki hakikuwa kigeni katika pande zetu: mwaka 1916, kikiwa cha marubani wa Afrika Kusini, kilishukia Mombasa na kuwafuata Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck ndani ya Tanganyika kwa eropleni za mbao na kitambaa. Miaka 48 baadaye kilirudi kwa njia ya bahari.

Sababu ya kurudi ilianzia kwetu. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, mwezi mmoja na siku mbili baada ya Unguja kupewa uhuru, vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vilivamiwa, ghala la silaha likatekwa, Sultani Jamshid akaondoka kwa meli, na Sheikh Abeid Amani Karume akashika uongozi wa Jamhuri mpya. Serikali ya Tanganyika ilileta Unguja sehemu ya polisi wake ili kusaidia amani, na kwa hivyo Dar es Salaam ikabaki na walinzi wachache. Na usiku wa kuamkia Januari 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo siku hizi ni Lugalo, wakaasi, wakidai mishahara zaidi na kuondoshwa maofisa wa Kiingereza. Rais, Mwalimu Nyerere, na Makamu wake Rashidi Kawawa wakafichwa, Waziri wa Ulinzi Oscar Kambona akatoka kuzungumza na waasi. Centaur, iliyokuwa Aden, ikapakia makomando wa 45 wapatao 600, magari 24 na Belvedere mbili za kikosi cha 26, ikashika njia ya kusini kwa kasi.

Mwalimu, kwa moyo mzito, aliandika kuomba msaada, jambo ambalo baadaye alilitaja waziwazi kuwa ni fedheha kwa taifa changa. Alfajiri ya Januari 25 manowari Cambrian ikapiga mizinga ya kutisha, makombora yakipasuka hewani bila ya kulenga watu, na chini ya kelele hizo makomando wakashushwa kando ya kambi kwa helikopta, na Brigedia Sholto Douglas, aliyekuwa mkuu wa jeshi lile lililomwasi, akawaita askari wake kwa kipaza sauti wajisalimishe. Roketi ikapigwa katika nyumba ya walinzi ya langoni. Wachache walikufa, wengi wakaweka silaha chini, na kabla jua halijapanda sana mambo yalikuwa yamekwisha.

Helikopta zilizotangulia kutua Colito zilikuwa Wessex za kikosi cha 815, yaani zile zile ambazo Jeshi la Majini lilizichagua lilipomkataa Hafner, nazo zilibeba injini ya Gazelle moja kila moja, jamaa ya injini zilizokuwa mbili mbili katika Belvedere. Washindani wa karatasini walikuwa wamekutana juu ya sitaha moja: mshindi akatangulia na watu, na aliyeshindwa kazi yake ikawa mizigo mizito. Kwa mzigo mzito hakuwa na mpinzani, na hilo nalo lisemwe.

Siku tano baada ya Colito, Januari 30, mpango wa Parthenon ukawa tayari. Ulikusudia kukamata kwa miavuli na kwa helikopta kisiwa cha Unguja na kiwanja chake cha ndege, kisha Pemba. Anayesimama leo Michenzani, huko huko Ng'ambo, penye mzunguko wa barabara na majumba marefu yanayoitwa kwa nambari zake, huona uwazi mpana unaoweza kutuliwa na helikopta. Lakini majumba hayo yalikuja baada ya ramani ya mji iliyochorwa mwaka 1968 na Mjerumani wa Mashariki, Hubert Scholz, na mwaka 1964 pale palikuwa mitaa iliyobanana ya nyumba za udongo na miti, paa za makuti na za mabati zikigusana, vichochoro vya kupita mtu na baiskeli yake. Upepo wa mapangaboi mawili ya mita 14.9 ungeziezua paa hizo kabla risasi ya kwanza haijalia. Ng'ambo ndiko Mapinduzi yalikokuwa na watu wake, na hakuna mwenye akili ambaye angekwenda kutua katikati yao. Huenda ndiyo maana karatasi za Waingereza zilitazama zaidi kiwanja cha ndege.

Parthenon ukaachwa mwezi wa Februari, pahala pake pakashikwa na mpango wa Boris, wa kushuka kwa miavuli kutoka Kenya, nao ukafa kwa kuwa siri haikukalika Kenya na serikali ya huko isingekubali ardhi yake itumike kwa jambo hilo. Aprili ukaja Finery, wa helikopta kutoka manowari Bulwark, ambayo ilikuwa mbali na ingehitaji siku 14 kufika. Kisha Shed, wa kuleta askari kwa ndege. Baada ya Muungano wa Aprili 26 Finery ukafutwa, na hakuna mpango hata mmoja uliotekelezwa. Kikosi cha 26 kilivunjwa Novemba 1965, Belvedere zake zikapelekwa Singapore, na mwezi wa Machi 1969 ya mwisho ikaondolewa kazini. Tatu zimehifadhiwa Uingereza, mojawapo katika jumba la makumbusho la Jeshi la Anga, London, na miguu yake mirefu ya mbele. Katika vyombo vya Bristol 173, kile cha kwanza, cha Januari 1952, kimebakizwa. Kile chenye mabawa hakikubakizwa.